Nilibadilisha ruta Jumamosi, waifai ikatulia Jumatano

Tunakaa Tabata, nyumba ya mama, mi na mke wangu, watoto wawili na mtoto wa kaka anayesoma chuo. Ruta yetu ya zamani ilikuwa na karibia miaka sita na wala haikuwa imekufa, ilikuwa tu ya zile za bendi moja, yaani inarusha mawimbi ya waifai ya GHz 2.4 tu, na sisi tulikuwa tumepandisha kifurushi kutoka Mbps 20 kwenda 50 lakini ukipima spidi kwenye simu unaona 18, unaona 22, siku ikiwa nzuri sana 25. Nikasema hapa tunalipia kitu hatukipati, nikanunua ruta mpya. Nilijua ni kazi ya nusu saa, unachomoa hii unachomeka ile, ikanila siku tano.

Naandika haya kwa sababu naamini mtu akijua mapema anaweza kumaliza ndani ya masaa mawili, na pia kwa sababu ya mama. Mama mguu unamsumbua, hatoki sana siku hizi, na kila siku baada ya magharibi anapiga simu ya video na mdogo wake aliyeko Tanga, wanaonana, wanaambiana nani kapika nini, nani kafiwa, nani kajifungua. Hiyo simu ndo matembezi yake. Sa siku nne zote hakuipata vizuri, na hilo liliniuma kuliko kazi zangu zilizolala.

Jumamosi asubuhi nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani alijua kazi yake, kabla hajatoa boksi lolote akaniuliza, "Kaka, intaneti yenu ni ya faiba au ya laini?" Na ni swali la maana sana, kuna watu wananunua ruta ya kuweka laini ya simu wakati nyumbani wana faiba, au wananunua ya faiba wakati wanategemea laini. Kama una faiba, kile kiboksi kidogo cha kampuni ukutani ndo kinapokea mwanga na kuugeuza kuwa intaneti, kwahiyo ruta unayohitaji ni ya kawaida tu yenye tundu la WAN, waya unatoka kwenye kiboksi unaingia hapo. Nikachukua ya antena nne, ina bendi zote mbili, GHz 2.4 na 5, nikarudi.

Nyumbani nikamkuta mdogo wangu kaja kutoka Chanika, na yeye kwake anatumia intaneti ya kampuni nyingine na alikuwa ananiomba ile ruta ya zamani siku nyingi. Nikachomoa ya zamani, nikaweka mpya, taa zikawaka, nikafurahi, nikaitia ile ya zamani kwenye boksi la ruta mpya nikampa akaondoka nayo hapo hapo. Hili ndo kosa la kwanza na ndo lililozaa mengine karibu yote. Usiitoe ruta ya zamani nyumbani kabla mpya haijakaa wiki nzima, na kabla hujaichomoa ingia kwenye setingi zake upige picha kila ukurasa kwa simu, jina la waifai, paswedi, aina ya ulinzi, anwani (zile namba ambazo vifaa vinatambuana nazo kwenye mtandao), kila kitu. Mi sikupiga hata picha moja.

Kitu nilichokuja kukielewa baadaye sana ni kwamba nyumba nzima ilikuwa inaikumbuka ile ruta ya zamani. Kampuni ya intaneti ilikuwa inaikumbuka, printa inaikumbuka, kamera ya getini, simu ya mama, mpaka kabati la tv lilikuwa limeshika kitu chake. Ruta mpya ilikuja haina kosa lolote ila kila kifaa kilikuwa kinamsubiri yule wa zamani. Ningekuwa nimeanza na hilo wazo ningeuliza swali moja tu kwa kila kifaa, wewe unakumbuka nini, badala ya kuzima na kuwasha vitu ovyo.

Tuanze na intaneti yenyewe. Ruta ilipowaka simu zikaishika waifai ila zinaandika hakuna intaneti. Nikakimbilia kulaumu faiba. Sa kwenye kile kiboksi cha faiba kuna taa mbili ni za kuziangalia kabla hujampigia mtu yeyote, moja imeandikwa PON na nyingine LOS. PON ikiwa ya kijani na imetulia, mwanga unafika. LOS ikiwaka nyekundu inapepesa ujue mwanga haufiki, hapo hata ukinunua ruta ya milioni haisaidii, waya umekunjwa sana au umekatika huko nje, maana ndani ya ule waya mwembamba ni uzi wa kioo haupendi kukunjwa kona kali. Yangu PON ilikuwa kijani, LOS imezima. Kwahiyo mpaka ukutani mambo yalikuwa sawa, tatizo lilikuwa kati ya ukuta na ruta.

Nikaangalia waya, uko kwenye tundu la WAN kweli. Angalieni maandishi msiangalie rangi, kwenye ruta ya zamani tundu la intaneti lilikuwa la bluu na hii mpya matundu yote rangi moja. Nikazima nikawasha, nikabonyeza rizeti kwa pini nikaanza upya, mara tatu. Jioni ikafika, mama akauliza "Baba, mtandao tayari?" nikamwambia bado kidogo mama. Akakunja shali yake akalala mapema.

Jumapili nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alinisikiliza akaniuliza, umebadilisha kifaa? Nikasema ndio. Akaniambia kwenye mfumo wao laini yetu imefungwa kwenye MAC ya ruta ya zamani, kifaa kingine kikija hakipewi anwani. Kusajili mpya anaweza kuomba ila inaenda kwa watu wa ufundi, pengine Jumatatu au Jumanne. MAC kwa asiyejua ni ile namba ya kiwandani ya kila kifaa cha mtandao, ina alama 12, tarakimu kuanzia 0 mpaka 9 na herufi A mpaka F. Sio kampuni zote zinafanya hivi, nyingine zinakupa jina na paswedi ya kuandika kwenye ruta, wanaiita PPPoE, nyingine hazifungi chochote, ila kama umebadilisha ruta na taa za faiba ziko vizuri na ruta haipati anwani kabisa, hilo liwe swali lako la kwanza ukipiga simu.

Mtoto wa kaka akasikia akaniambia, "Ba'mdogo hiyo si unainakili tu?" Akafungua setingi za ruta, kweli kuna sehemu inaruhusu ruta mpya ijitambulishe kwa MAC nyingine. Tunachohitaji ni namba ya ile ya zamani, na ile ya zamani iko Chanika. Nikampigia mdogo wangu anipigie picha stika ya chini. Picha ikaja, stika imefifia, miaka sita ya joto, wino umekuwa kahawia, na alama ya tisa huwezi jua ni B au 8. Tukaangalia mi na kijana, tukaikuza picha mpaka ikawa madoa madoa. Nikasema ni 8. Tukaandika, tukahifadhi, tukasubiri, hamna kitu. Tukabadilisha tukaweka B, tukazima kiboksi cha faiba tukakiacha dakika tano nzima ili mfumo wa kule usahau kikao cha zamani, tukawasha. Taa ya intaneti kwenye ruta ikatoka machungwa ikawa kijani. Mke wangu aliyekuwa jikoni simu yake ikaanza kulia meseji za siku mbili mfululizo, hapo ndo tukajua imekubali.

Na niongezee, kwenye baadhi ya ruta namba ya tundu la WAN inatofautiana kidogo na iliyoandikwa kwenye stika, alama ya mwisho inapanda moja, kwahiyo kama umeandika sawasawa na imegoma jaribu hiyo pia kabla hujakata tamaa.

Basi nikaona kazi imeisha. Nilikuwa nimeipa ruta mpya jina lile lile na paswedi ile ile ya zamani, nia yangu watu wasisumbuke kuandika upya, na kwa simu yangu na ya mke wangu ikawa kweli ziliingia zenyewe. Ya mama ikagoma. Inaandika imehifadhiwa, inajaribu, inarudi imehifadhiwa. Nikaifuta ile waifai kwenye simu yake nikaandika paswedi upya herufi kwa herufi huku natamka, ikasema angalia paswedi. Paswedi ilikuwa sahihi. Nikawa naiandika tu tena na tena mama amekaa pembeni yangu na miwani yake mkononi, na akaniambia taratibu labda simu yangu imezeeka mwanangu iache tu. Hapo niliumia. Simu ilikuwa nzima.

Shida ilikuwa ulinzi. Ruta mpya ilitoka kiwandani imewekwa WPA3, aina mpya ya ulinzi wa waifai ambayo ilitangazwa 2018, na simu za Android zilianza kuijua kuanzia toleo la 10 la mwaka 2019. Simu ya mama ni ya kabla ya hapo, inajua WPA2 tu, ile ambayo ipo tangu 2004 na ndo karibu kila kitu ndani ya nyumba kinaielewa. Kwahiyo simu inaona jina inalijua, inabisha hodi kwa lugha yake, ruta inajibu kwa lugha nyingine, na kwenye skrini inakuandikia paswedi imekosewa wakati paswedi haina kosa. Nikaenda kwenye setingi za waifai nikaweka WPA2 kwenye bendi ya 2.4, na ile ya 5 nikaiacha kwenye mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Simu ya mama ikaingia ndani ya sekunde mbili.

Hapo hapo nikazima na kile kipengele kinachounganisha bendi mbili kwa jina moja. Najua wengi wanakipenda, na kwa nyumba yenye simu mpya tupu ni kizuri, ila ukiwa na vitu vya zamani ni vigumu kujua kipo upande gani. Printa yetu, kamera ya getini na tv ya sebuleni vyote vinajua 2.4 tu, ya 5 havioni kabisa. Nikaacha jina la zamani kwenye 2.4, ya 5 nikaipa jina lile lile na tarakimu 5 mwishoni. Na muwe makini na herufi kubwa na ndogo, kwa waifai Nyumbani na nyumbani ni majina mawili tofauti, kifaa kilichozoea moja hakitaigusa nyingine.

Jumatatu ikawa zamu ya printa. Mi nafanya hesabu za maduka, mahesabu ya mwezi, na mke wangu anatoa twisheni kwa watoto wa jirani kwahiyo mitihani inachapwa hapa hapa, printa ikilala tunalala wote. Taa yake ya waifai ilikuwa ya bluu imetulia, maana yake imeingia kwenye mtandao, lakini laptopu inasema printa haipatikani. Nikaichapia mara nne. Nikajaribu kuiongeza upya kwenye laptopu, haionekani.

Nikatulia sasa, nikauliza lile swali, hii printa inakumbuka nini. Printa nyingi zina namna ya kujichapia karatasi ya taarifa zake zenyewe, yangu unashikilia kitufe kimoja sekunde kadhaa inatoa ukurasa. Nikatoa. Katikati kabisa ikaandika anwani yake ni 192.168.1.50. Nikaenda kwenye ruta, ruta yenyewe anwani yake ni 192.168.0.1 na simu zote zina 192.168.0 na tarakimu nyingine. Hapo nikakumbuka fundi aliyetuwekea printa zamani aliifungia anwani ya kudumu ili isihame hame, na alifanya vizuri kabisa, ila ruta mpya iko mtaa wa 0 na printa bado imesimama mtaa wa 1 inasubiri wateja ambao wameshahama. Wote wako ndani ya nyumba moja, wanashika waifai moja, hawaonani.

Ningeweza kubadilisha printa, ila nikawaza kamera nayo lazima iko hivyo hivyo, na labda kuna kingine. Rahisi ilikuwa kuihamisha ruta. Nikaingia kwenye sehemu ya LAN, yaani mtandao wa ndani ya nyumba, nikabadilisha anwani ya ruta ikawa 192.168.1.1, na kwenye ugawaji wa anwani nikaiambia ianze kugawa kuanzia 100 kwenda juu ili namba 50 ya printa isije ikapewa simu ya mtu. Angalizo hapa, kama kiboksi chenu cha faiba nacho kinafanya kazi ya ruta na kinatumia 192.168.1.1, msifanye hivi, zitagongana. Chetu kinapitisha tu hakina ugawaji. Ruta ikajizima ikajiwasha, nikasubiri kama dakika mbili, na printa ikakohoa, ikavuta karatasi yenyewe. Ikatoa mitihani ya darasa la nne ya Jumamosi, ikatoa tena ile ile, ikatoa mara nne zile nilizobonyeza, alafu ikatoa mahesabu ya duka la vipuri. Mke wangu akaja mbio toka chumbani akidhani kuna mtu kaigusa. Na kamera ya getini ikarudi kwenye simu bila mtu kuishika.

Kuna kimoja nilikikubali tu. Kwenye ruta ya zamani tablet ya binti yangu nilikuwa nimeifunga saa tatu usiku, nikaweka hivyo hivyo kwenye mpya ikafungika siku moja, kesho yake saa nne usiku bado anaangalia katuni. Simu na tablet za siku hizi, Android kuanzia 10 na iPhone kuanzia 2020, zinatumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao kwa ajili ya faragha, na tablet yake ikaja na namba nyingine. Ukitaka kufunga kwa MAC inabidi kwenye kifaa chenyewe uchague kitumie MAC ya kweli kwa hiyo waifai ya nyumbani. Nimefanya. Na tumeongea nae pia, ni mtoto muelewa.

Sasa jambo lililonichosha kuliko yote. Tangu Jumapili usiku, waifai ilikuwa inakata. Mchana unakaa masaa mawili vizuri kabisa, unapima unapata 48, unasema ahsante Mungu, ikifika saa moja jioni watu wote wamerudi, tv inacheza, kijana anapakua vitu vya chuo, mama kapiga simu Tanga, inakata. Inapotea jina kabisa kwenye simu, baada ya dakika moja na nusu hivi linarudi. Mama simu yake inaganda mdogo wake akiwa amefungua mdomo, alafu inakatika. Jumatatu ilikata mara tano ndani ya lisaa. Mara ya tano mama hakupiga tena.

Jumanne nikashughulika na chaneli, yaani njia ambayo mawimbi ya waifai yanapita. Nikapakua programu ya kuangalia waifai za jirani, nikahesabu 13 kutoka sebuleni kwetu, Tabata nyumba zimebanana, na nyingi ziko chaneli ya 6 kama yetu. Kwenye 2.4 chaneli ambazo haziingiliani ni 1, 6 na 11 tu, zile za katikati ukikaa unagombana na pande zote mbili. Nikahamia 11 na upana wa chaneli nikauweka MHz 20. Spidi ya 2.4 ikawa bora kidogo, sikatai. Jioni ikakata vile vile. Nikapiga huduma kwa wateja nikiwa na hasira, nikaongea vibaya, na kijana wa watu akanijibu kwa upole kuwa kwake laini inaonekana imesimama haijadondoka tangu asubuhi. Sikumuamini. Natamani ningemuomba radhi, maana alisema kweli.

Ningemuamini ningeangalia kitu kimoja ambacho kipo kwenye ruta karibu zote, ule mstari unaoonyesha ruta imewaka kwa muda gani. Mtoto wa kaka ndo alinionyesha Jumanne usiku. Ulisomeka dakika 11. Tulikuwa hatujaizima tangu mchana. Maana yake haikuwa intaneti inayokata, ruta yenyewe ilikuwa inazimika na kujiwasha. Na taa za kiboksi cha faiba muda wote zimetulia kijani. Ukitoka hapa na kitu kimoja basi kiwe hiki, kabla hujamlaumu mtu wa nje angalia huo mstari. Ukikuta masaa mengi au siku, ruta haina neno, tafuta kwenye mawimbi au kwa kampuni. Ukikuta dakika, tafuta kwenye ruta na umeme wake.

Mi nikaenda kulala nikiamini nimeuziwa ruta mbovu, nikapanga kesho niirudishe Kariakoo.

Jumatano saa nne asubuhi mdogo wangu akapiga. "Bro, hii adapta uliyonipa ni yenyewe kweli? Ruta chini imeandikwa 12V 0.5A na adapta imeandikwa 12V 1.5A, isije ikaunguza." Nikanyamaza. Nikamuuliza ilikuwa ndani ya nailoni? Akasema ndio ilikuwa kwenye nailoni imefungwa na kile kiwaya, mpya kabisa.

Jumamosi nilipoweka ruta mpya sikutaka kusogeza kabati la tv, ni kabati la mninga alilonunua marehemu baba, wanaume wawili ndo wanalisogeza, na ekstensheni iko nyuma yake ukutani. Nilichofanya nilichukua kile kichwa cha waya kilichokuwa kinaning'inia pale mezani nikakichomeka kwenye ruta mpya, kikaingia saizi ile ile, taa zikawaka. Adapta ya ruta mpya sikuifungua, ikabaki kwenye boksi, na boksi nikaliweka ruta ya zamani nikampa mdogo wangu. Kwahiyo ruta ya antena nne, bendi mbili, inayotaka ampia moja na nusu (ile A, kiasi cha umeme ambacho adapta inaweza kutoa), ilikuwa inanyweshwa nusu ampia. Mchana wakiwa watu wawili inatosha. Jioni antena zote zikifanya kazi inaomba umeme zaidi, adapta haina wa kutoa, volti inashuka, ruta inazima, inajiwasha. Tukalisogeza kabati mi na kijana, nikaingiza mkono nyuma nikaishika adapta ya zamani, ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai, huwezi kuishikilia. Nikamulika kwa tochi ya simu yale maandishi madogo. 12V, 0.5A.

Nikamwambia mdogo wangu aitumie hiyo kubwa bila wasiwasi kwa siku hiyo, volti zikiwa sawa na upande wa chanya na hasi ni ule ule, adapta yenye ampia nyingi haiunguzi kifaa, kifaa kinachukua kiasi chake tu. Hatari ni volti kuzidi, na shida ni ampia kupungua. Akaja mchana kutoka Chanika kwa bodaboda tukabadilishana barazani. Nikachomeka. Ikapita saa moja jioni, saa mbili, saa nne usiku nikaangalia ule mstari, yakawa masaa, sio dakika.

Ila nilikuwa nimeshaapa mama apate simu yake siku ile, kwahiyo kabla ya magharibi nikamalizia na lile la mwisho, pale ruta ilipokaa. Ilikuwa nyuma ya tv, chini, ndani ya lile kabati, kwa sababu ya zamani ilikaa hapo. Kutoka hapo mpaka chumba cha mama kuna tv, kuna ukuta wa tofali, kuna friji, kuna ukuta mwingine. Nikapima chumbani kwake kwa ile programu nikapata nguvu ya mawimbi -81, hiyo ni kiasi cha kuona jina na kutuma meseji, sio cha video, namba hizi kadri inavyokaribia sifuri ndo bora. Waya wa faiba sikuugusa, ule usivute mwenyewe. Niliongeza tu waya wa LAN kati ya kiboksi na ruta, wa mita 15, huo unaweza kwenda mpaka mita 100 bila shida, nikaupitisha juu ya mlango, nikapigilia kishubaka cha mbao kwenye korido juu karibu na dari, katikati ya nyumba, ruta nikaikalisha hapo wazi. Chumbani kwa mama ikasoma -62.

Baada ya swala nikasikia simu inaita ndani. Sikuingia, nilibaki koridoni na nyundo bado mkononi. Shangazi... hapana, mama mdogo akapokea, na kitu cha kwanza alichosema kilisikika mpaka nje, "Dada, leo nakuona mpaka kipini!" Wakaanza na habari za mvua ya Tanga. Walipofika kwenye harusi ya mjukuu wa jirani yao wa zamani ilikuwa imeshapita nusu saa, nikaenda kurudisha nyundo, nikachukua makapeni nikaandika kwenye adapta mpya kwa herufi kubwa RUTA YA KORIDO 12V 1.5A, na yale mengine, MAC, anwani, majina ya waifai na ulinzi wake, nikayaandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la baba.